Nani Alikwenda Kuipima?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kulipa deni. Si deni la fedha, ni deni la jibu. Anayenidai ni kijana mmoja wa kidato cha tatu ambaye jina lake silijui, na kwa kuwa silijui sina njia ya kumfikia ila gazeti hili, ambalo najua hupita mkono kwa mkono mabwenini mpaka likachakaa.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanzoni mwa Desemba sisi tuliosoma hapa zamani tulialikwa shuleni, kama ilivyo desturi. Tulipokwisha kula chakula cha jioni umeme ulikatika. Wanafunzi wakamiminika kiwanjani, nasi wazee tukatoka nao. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mbingu ilikuwa safi kama iliyofuliwa. Upande wa kusini, juu ya paa la bwalo, nyota moja nyeupe yenye ubuluu ilikuwa ikimetameta peke yake, haina jirani wa kushindana nayo. Mwalimu wa zamu anajua kwamba mimi hupenda mambo ya nyota, akaniomba niwaambie vijana neno.

Basi nikasema, tena kwa madaha. Niliwaambia kwamba nyota ile jina lake ni Achernar. Kwamba joto la uso wake ni mara mbili mpaka mara tatu ya joto la uso wa Jua. Kwamba hutoa nuru yapata mara 3,000 kuliko Jua. Na kwamba huzunguka kwa kasi hata imebonyea kama kitumbua, upana wake ukishinda kimo chake kwa zaidi ya nusu. Vijana wakaguna kwa mshangao, nami nikafurahi, kama afurahivyo mtu mzima anaposikilizwa.

Ndipo kijana mmoja akainua mkono katika giza. Akasema, "Samahani, Mzee. Nani alikwenda kuipima?"

Watu wakacheka. Mzee mwenzangu aliyesimama karibu akasema, "Keti, kijana, usimsumbue mgeni." Kijana akaketi. Nami, badala ya kumtetea, nikacheka pamoja na wengine, nikasema kwamba wataalamu wana vyombo vyao. Punde umeme ukarudi, kengele ikapigwa, na kila mtu akaenda zake.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikumbuka jambo ambalo nilidhani nimelisahau. Nilipokuwa mtoto, katika shule nyingine kabisa, mwalimu alituambia kwamba kutoka hapa hadi kwenye Jua ni kilomita milioni 150. Niliuliza swali lile lile: nani alikwenda kuipima? Nikapewa panga nikafyeke nyasi nyuma ya vyoo kwa siku mbili. Malengelenge yalipona baada ya juma moja, lakini miaka mingi ilipita kabla sijauliza tena swali darasani. Na sasa, mimi niliyefyeka nyasi zile, nimesimama mbele ya mtoto wa mwenzangu nikamcheka.

Kwa hiyo maoni yangu leo ni haya, nami nayasema waziwazi: swali la kijana yule ndilo swali la kwanza la sayansi, na mtu mzima asiyeweza kulijibu hana haki ya kulinyamazisha. Acha sasa nilipe deni langu, nijibu.

Hakuna aliyekwenda. Nyota ile iko mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 139, yaani nuru, ambayo kwa sekunde moja hukata kilomita 300,000, huchukua miaka 139 kufika kwetu. Umbali wenyewe ulipimwa kwa ujanja ambao kila mmoja wenu aweza kuujaribu akiwa kitandani. Nyosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho moja kisha jingine: kidole chaonekana kuruka mbele ya ukuta. Kikiwa karibu huruka sana. Kikiwa mbali huruka kidogo. Dunia yetu huzunguka Jua, na baada ya miezi sita huwa upande wa pili wa njia yake. Upande huu ni jicho moja, upande ule ni jicho la pili. Chombo kiitwacho Hipparcos, kilichorushwa angani mwaka 1989, kilipima kuruka huko kwa nyota zaidi ya 100,000, na hii ikiwamo.

Joto je? Mjomba wangu alikuwa mhunzi, wala hakuwa na kipimajoto. Alikitazama chuma motoni. Kikiwa chekundu alijua bado. Kikiwa cha rangi ya chungwa alijua kimekaribia. Kikianza kuwa cheupe alinipigia kelele nishike koleo. Hakukigusa ili ajue. Rangi ilimwambia. Na nyota ni vivyo hivyo: nyekundu ndizo zenye joto dogo, za manjano kama Jua letu huzidi, na zile nyeupe zenye ubuluu ndizo kali. Uso wa Jua una joto la digrii 5,770 hivi kwa kipimo cha Kelvin. Chuma cha mjomba hakikuweza kufika rangi ya buluu, maana kingekwisha kuyeyuka zamani. Nyota ile huipita rangi nyeupe, na sehemu kubwa ya nuru yake hata haionekani kwa macho, kwa kuwa iko ng'ambo ya urujuani. Kile tulichokiona juu ya bwalo ni kipande tu cha nuru yake.

Tena nuru ikipitishwa katika kioo chenye pembe tatu hukunjuka ikawa mkanda wa rangi, kama upinde wa mvua, na ndani ya mkanda huo mna mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Mwaka 1835 mwanafalsafa mmoja wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba joto la kweli la nyota halitajulikana kamwe, wala vitu zilivyoumbwa navyo. Alikuwa mtu mwenye elimu kubwa. Alifariki mwaka 1857. Miaka miwili tu baadaye, huko Heidelberg, Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walianza kuisoma mistari hiyo. Na mwaka 1925 Cecilia Payne, mwanamke kijana aliyekuwa akiandika tasnifu yake, alionyesha jinsi nguvu ya mistari hiyo inavyotangaza joto la nyota, na kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heliamu. Wakubwa wa elimu ile hawakumkubali mara moja, lakini yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Mistari hiyo hiyo ndiyo isemayo kasi. Nyota izungukapo, upande mmoja huja kwetu na upande wa pili hutukimbia. Nuru ya upande ujao husogea kidogo kuelekea buluu, na ya upande uendao husogea kuelekea nyekundu, hata mstari uliopasa kuwa mwembamba hutanuka. Mistari ya Achernar imetanuka sana. Kwa upana wake, na kwa jinsi nyota ilivyoinama mbele yetu, yajulikana kwamba kiunoni huzunguka kwa kilomita 300 hivi kila sekunde. Jua letu kiunoni ni kilomita 2 tu. Jua huchukua siku 25 hivi kujizungusha mara moja. Nyota ile, ijapokuwa ni kubwa zaidi, huchukua siku moja na nusu.

Na kitu kizungukacho kwa nguvu hutanuka kiunoni. Msidhani ni mambo ya mbinguni peke yake. Dunia yetu nayo imefanya hivyo: upana wake kwenye Ikweta ni kilomita 12,756, na kutoka ncha hata ncha ni 12,714. Sisi watu wa Uganda, ambao Ikweta yapita nchini mwetu, twaishi juu ya kiuno hicho. Tofauti ya Dunia ni ndogo, kwa kuwa mwendo wake ni wa pole. Tofauti ya Achernar ni kubwa.

Sasa nakuja mahali penyewe, ambapo kijana wangu anapaswa asome kwa makini. Kuipima nyota upana ni kazi ngumu. Achernar kwa macho yetu ina upana kama wa sarafu ndogo iliyowekwa mpakani mwa Afrika ya Kusini, nawe uko Kampala waitazama. Darubini moja peke yake haiwezi. Huko Narrabri, Australia, Robert Hanbury Brown na wenzake waliweka vioo viwili vikubwa juu ya reli ya duara yenye upana wa mita 188, wakawa wanavisogeza na kulinganisha nuru iliyofika katika kila kimoja. Mwaka 1974 walitoa orodha ya upana wa nyota 32, na hii ilikuwamo. Lakini walipata upana tu, hawakupata umbo.

Mwaka 2003 ikatoka habari kutoka mlima Paranal, nchini Chile. Armando Domiciano de Souza na wenzake walikuwa wameunganisha nuru ya darubini mbili ndogo zilizoachana, safari nyingine kwa mita 66, safari nyingine kwa mita 140. Nuru huenda kwa mawimbi, na mawimbi mawili yakikutana huongezana au huuana, kama mnavyoona mkitupa mawe mawili ziwani. Kwa kuyasoma makutano hayo walipata umbo la nyota, nao wakasema: upana wa kiunoni ni mara 1.56 ya kimo. Dunia nzima ya wapenda nyota ilistaajabu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoisoma zamani katika kitabu, na ndiyo niliyowaambia vijana kiwanjani kwa madaha yale.

Wadogo zangu, nilikosea.

Asubuhi ya pili, kwa sababu ya aibu, niliketi kutafuta jibu la swali la kijana: nani aliipima, na kwa njia gani? Nikaona kwamba tangu kitabu changu kipigwe chapa watu hawakulala. Nyota ile, kwa sababu ya mbio zake, mara nyingine hutupa gesi kutoka kiunoni, kama mwavuli uliolowa unapozungushwa hurusha maji pembeni, na gesi hiyo hufanya pete. Pete ikiwapo, mpimaji aweza kudanganyika akaona kiuno ni kinene kuliko kilivyo. Mwaka 2014 Domiciano de Souza yule yule, pamoja na wenzake, alitoa vipimo vipya, vilivyochukuliwa wakati nyota haikuwa na pete. Kiuno ni mara 1.35 ya kimo, wala si mara 1.56. Yaani upana huzidi kimo kwa theluthi moja hivi, si kwa zaidi ya nusu. Si kitumbua, afadhali tuseme chenza.

Vipimo hivyo vilithibitisha na jambo jingine. Mwaka 1924 Hugo von Zeipel, Mswidi, alionyesha kwa kalamu na karatasi kwamba nyota iliyobonyea haiwezi kuwa na joto moja kila mahali. Kiunoni, ambapo uso uko mbali na kitovu na uvutano umepungua, joto litapungua. Kwenye ncha litazidi. Karibu miaka 90 baadaye Achernar ilipopimwa, ilionekana kwamba ncha zake zina digrii 17,100 hivi na kiuno digrii 12,700 hivi. Nyota moja, joto mbalimbali. Hapo basi nilikosea mara ya pili, maana niliwapa vijana joto kama kwamba ni la mahali pamoja, hali jibu la kweli huanza kwa swali: joto la wapi?

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mzee alisimama akatoa hesabu iliyokwisha sahihishwa. Kijana aliuliza swali moja la maneno matatu. Kama angejibiwa kwa adabu usiku ule, kosa la mzee lingefichuka palepale, na wanafunzi wote wangekwenda kulala na habari sahihi. Kwa kuwa alinyamazishwa, kiwanja kizima kilikwenda kulala na kosa, nami nilikuwa mbele yao nimevaa tai.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza watasema kwamba kijana kumhoji mzee ni kukosa heshima. Sikubali. Kijana yule alisema "Samahani, Mzee" kabla ya kuuliza. Ni heshima gani tena tuliyoitaka? Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nao walikuwa wazee kutupita sisi. Ukosefu wa heshima ulikuwa katika kicheko chetu.

Wa pili watasema kwamba wataalamu wenyewe hawaaminiki: leo 1.56, kesho 1.35, keshokutwa watasema nini? Nawajibu kwamba fundi anayepima ubao mara ya pili ndiye wa kumpa kazi. Hesabu iliyosahihishwa na mtu yule yule aliyeitoa kwanza yanipa imani zaidi, si kidogo. Wa kuogopwa ni yule ambaye hesabu yake haibadiliki kwa kuwa hakuna aliyepima.

Wa tatu ni walimu wangu wapendwa, nao wana haki zaidi. Watasema: mtaala ni mrefu, mtihani u mlangoni, darasa lina wanafunzi wengi, tutapata wapi saa ya kueleza kila kitu kilivyopimwa? Nakubali kwamba saa ni chache. Siwaombi kila kitu. Naomba kitu kimoja kwa juma. Chama cha Sayansi kibandike ubao mmoja karibu na maktaba, na kichwa chake kiwe "Limejulikanaje?" Kila Jumatatu kiandikwe kipimo kimoja kilichomo katika vitabu vya darasani: uzito wa Dunia, kasi ya sauti, umri wa jiwe, joto la nyota. Ifikapo Ijumaa, mwanafunzi mmoja asimame mbele ya mistari dakika tano aeleze ni nani aliyekipima, kwa njia gani, na kama kimesahihishwa. Haihitaji fedha wala darubini.

Na msifikiri kwamba nasema haya kwa ajili ya nyota peke yake. Nyota itakaa bila sisi. Nasema kwa ajili ya siku ambayo kijana huyu atakuwa mtu mzima sokoni, na mtu mwenye kipaza sauti atamwambia kwamba chupa ile ya dawa huponya maradhi arobaini. Au atakuwa mkutanoni, na mkubwa atasimama ataje hesabu kubwa kubwa. Aliyezoea kuuliza "nani alipima, na vipi?" atauliza siku hiyo pia. Aliyefundishwa kuketi ataketi, na atanunua chupa.

Nimalizie kwa jina la nyota, maana nalo lina somo. Achernar latokana na Kiarabu, na maana yake ni mwisho wa mto. Neno letu akhera lina asili moja na kipande chake cha kwanza. Mto wenyewe ni kundi la nyota liitwalo Eridanus. Lakini Ptolemy, aliyekaa Alexandria katika karne ya pili na kuziandika nyota zote alizozijua, hakuiweka nyota hii, kwa sababu kwake haikuchomoza kamwe. Kwake mto ulikwisha mahali pengine, kwenye nyota hafifu zaidi. Karne nyingi zilipita mpaka mabaharia wa Ulaya walipokuja kusini na mto ukarefushwa mpaka hapa. Kumbe wahenga wetu waliokaa nchi hizi walikuwa wakiiona kila mwaka, juu ya mabanda yao. Kitabu kikubwa cha kale kilikuwa na pengo mahali ambapo mchungaji yeyote wa huku angeweza kuonyesha kwa fimbo yake.

Basi, kijana uliyeuliza: mwezi wa Desemba, kati ya saa mbili na saa nne za usiku, toka nje ya bweni kwa ruhusa, tazama kusini, inua macho kiasi cha theluthi ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini. Utaiona. Hakuna aliyekwenda kuipima. Walikaa hapa hapa duniani, wakauliza kama ulivyouliza wewe. Nakuomba radhi kwa kicheko changu. Na tutakapoalikwa tena mwakani, usiketi nyuma. Kaa mbele, uinue mkono.

Nami ni wenu,
Mwanafunzi wa Zamani